Landrova Iliyonukia Maandazi

Marahaba. Naitikia mapema kabisa, maana nyinyi vijana wa siku hizi mkifika gereji mnakwenda moja kwa moja kwenye boneti, na salamu mnaikumbuka mkiwa mmeshashika spana. Mimi ni Babu Elia, fundi mstaafu, ingawa kustaafu kwa fundi ni jina tu. Mikono imestaafu, kiuno kilistaafu zamani, masikio ndiyo yamekataa. Gari likipita hapa nje nainua kichwa, na mke wangu ananiambia, "Liache lipite, Elia, si lako."

Juzi nilipita gereji moja hapa Singida mjini, upande wa kuelekea Ziwa Kindai. Nikamkuta kijana amesimama mbele ya gari la zamani, lile la kabla ya mambo ya kompyuta, ameshika kile kimashine chenu chenye kioo, anatafuta pa kukichomeka. Gari lenyewe halina pa kuchomeka kitu. Akaniamkia vizuri, nisimseme vibaya. Akaniambia, "Babu, hili injini imekwisha. Taa ya oili inawaka muda wote. Nimemwambia mwenyewe atafute injini nyingine."

Nikamwuliza presha ya oili ameipima kwa kifaa gani. Akanitazama kama nimemwuliza habari za mkoloni. "Si taa inawaka, babu?"

Nilicheka, kisha nikiwa njiani kurudi nyumbani nikajikuta nina huzuni ambayo sikuitegemea. Niliwakumbuka watu wangu. Nilimkumbuka Fundi Athumani aliyenifundisha kazi, na dereva mmoja anaitwa Shabani, na landrova yake iliyotutoa jasho. Nimeona niwaandikieni habari zao kabla masikio nayo hayajastaafu.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo presha yenyewe, kwa sababu wengi wenu mnaiogopa bila kuijua. Fikiria bomba la maji la mtaani kwenu. Asubuhi umefungua koki, maji yanatoka kama machozi. Huendi kuvunja nyumba. Unauliza, tangi lina maji? Pampu inasukuma? Njiani kuna takataka? Au kuna mahali bomba limepasuka, maji yanamwagika yote kabla hayajafika kwako? Injini ni hivyohivyo. Tangi ni sampu, lile bakuli la chini linalohifadhi oili. Ndani yake kuna chujio, pampu inanyonya kupitia hapo. Kisha kuna valvu yenye springi inayopunguza presha ikizidi. Mwisho kabisa ndiyo kuna beringi za krenki, vile vikalio laini vinavyoshika mhimili mkuu wa injini, ambazo zikilika zinaachia nafasi na oili inapita tu bila kusukuma chochote. Sasa kijana anaanza na ya mwisho. Anamwambia mtu wa watu injini imekufa, na hajachomoa hata dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili.

Fundi Athumani alikuwa na gereji nyuma ya soko, eneo la wazi lenye mabati mawili na shimo la kuingia chini ya magari. Alikuwa Mnyaturu mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Mimi nilikwisha kuwa fundi kamili wakati huo, tukifanya kazi bega kwa bega, lakini sikuwahi kumwita kwa jina lake bila kutanguliza "Fundi". Gari likiingia hakugusa kitu. Alileta kigoda, akamkalisha dereva, akaanza kumhoji kama daktari. Taa iliwaka lini, injini ikiwa baridi au ikiwa na moto? Ikiwaka unasikia mlio gani? Nani aligusa injini mara ya mwisho? Ulipita njia gani, ulilala wapi? Wateja wengine walichukia. Walisema wamekuja kutengeneza gari, hawakuja kuhojiwa.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Yona, fundi mzuri mwenye pupa. Siku moja Athumani amekwenda msikitini, likaja gari la mwalimu mmoja wa Ihanja, taa ya oili inawaka. Yona hakuuliza kitu. Athumani aliporudi alikuta silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, iko juu ya gunia, mwalimu amekaa pembeni ameshika tama, na Yona amepakaa oili mpaka kwenye nyusi. Athumani alikunja mikono ya kanzu. Aliinama, akatafuta swichi ya oili, ile ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, akachomoa waya wake, akamwambia mwalimu awashe swichi ya funguo tu. Taa ikawaka vilevile. Waya uko hewani, taa bado inawaka. Maana yake waya wenyewe ulikuwa umechubuka mahali unagusa bodi. Oili haikuwa na tatizo lolote. Akauviringishia utepe wa umeme, kazi ikaisha, isipokuwa ile ya kurudisha hedi ya watu mahali pake. Yona tulimwita Taa mpaka alipohamia Babati. Alikuwa akiitikia.

Kwa hiyo shikeni hilo: kabla ya yote tazama dipstiki, kisha chomoa waya, kisha funga geji ya kweli, kile kipimo cha presha chenye mshale. Athumani alikuwa nayo moja, ya shaba, aliitoa kwenye lori bovu, ina kibomba chembamba kirefu cha kufunga pale inapokaa swichi ya oili. Aliiviringisha kwenye kitambaa cha kanga ya mkewe na hakuna aliyeruhusiwa kuishika akiwa na mikono ya grisi. Geji hiyo ndiyo iliyotupa habari ya landrova.

Landrova hiyo ilikuwa pikapu ya Bwana Ramji, mwenye duka la vyakula mtaa wa sokoni. Alizaliwa hapahapa Singida, babu yake ndiye aliyefungua duka, na Kinyaturu cha kupatana bei alikijua kuliko mimi niliyekulia kwenye Kinyiramba. Shabani alikuwa dereva wake tangu wote wawili wakiwa vijana. Alizunguka vijiji vya Iramba akinunua alizeti na vitunguu, anarudi mjini gari limelala nyuma kwa uzito. Gari hilo alilipenda. Alilifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe, mkewe akigomba. Shabani hakujua kazi nyingine, wala hakutaka kuijua.

Wakaingia gereji asubuhi moja wote wawili, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwa maana tajiri huwa hafuati gari gereji. Tapeti, vile vyuma vya juu vinavyofungua valvu za injini, zilikuwa zinagonga kama mtu anatwanga mtama. Bwana Ramji alishuka akiwa amekunja uso.

"Fundi Athumani," alisema, "huyu ameniendeshea gari kavu. Namwuliza oili ilikwisha wapi, hasemi. Namwuliza taa iliwaka lini, hasemi. Wewe fungua utazame. Kama krenki imekufa, nauza hili gari chuma chakavu, na yeye aende kwao. Siwezi kukaa na dereva anayenificha."

Shabani alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilimfahamu mtu huyu, hakuwa bubu. Alikuwa wa kuongea mpaka unamwomba akapumzike. Nikajua hapa pana jambo.

Athumani akaleta kigoda. "Kaa, Shabani. Taa iliwaka lini?"

"Sijui, Fundi."

"Nani aligusa injini?"

"Sijui."

Athumani akaondoka pale kigodani bila kukasirika, akaenda kwenye gari. Akachomoa dipstiki, akaitazama, akainusa. Akanipa mimi. Oili ilikuwepo, tena ya kutosha, lakini ilikuwa inanata, inavutika kati ya vidole kama asali mbaya. Nikainusa. Sikuamini, nikainusa tena. Ilikuwa na harufu ya jikoni, ya mafuta yaliyokwisha kukaanga maandazi, yakapoa, yakarudishwa tena motoni. Athumani alinikazia macho, nikaelewa kwamba nifunge mdomo, Bwana Ramji alikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Tukafunga geji. Hapa sikilizeni vizuri, maana hili halimo kwenye kimashine chenu kwa magari ya aina hii. Injini ikiwa na beringi zilizolika, ikishapata moto na iko sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, mshale wa geji unalala chini, lakini ukikanyaga mafuta mshale unapanda, kwa sababu pampu inazunguka kwa kasi na kufidia. Hii yetu ilikuwa kinyume. Sailensa mshale ulikaa katikati, unatetemeka kidogo. Nilipokanyaga, badala ya kupanda ukaanguka. Nikaachia, ukapanda taratibu. Pampu ilikuwa inataka oili nyingi zaidi na haiipati, ilikuwa inanyonya kitu kilichozibwa. Athumani akanigusa bega. Chujio la ndani ya sampu ndilo lilikuwa limeziba, na krenki huenda ilikuwa bado nzima. Ndiyo kusema huenda ajira ya Shabani nayo ilikuwa bado nzima.

"Tuachie, Bwana Ramji," Athumani alisema. "Rudi kesho mchana utakuta tumeshusha sampu. Shabani abaki atusaidie kuinua."

Tajiri alipokwisha kuondoka Athumani hakumrudisha Shabani kwenye kigoda. Alikaa chini kwenye gunia, karibu na Shabani, wakawa wanatazama upande mmoja. Akamwuliza swali moja tu. "Ulilala wapi?"

Shabani alinyofoa uzi kwenye gunia. "Ukweni."

Athumani akavuta pumzi, akasema, "Aa." Yeye mwenyewe alikuwa na wakwe.

Hapo ndipo Shabani akatoa yote. Mkewe Zena alikuwa wa kijiji kimoja ng'ambo ya Kiomboi. Baba yake, Mzee Gunda, alikuwa mkamuaji wa alizeti, ana mashine ile ya kusukuma kwa mkono, na mafuta yake yalisifika mpaka huku mjini. Shabani alikuwa kwenye mizunguko yake ya kununua, jiwe likagonga nati ya kumwagia oili chini ya sampu, ikalegea, oili ikadondoka njia nzima. Kufika kwa mkwe dipstiki ikatoka kavu. Akajua. Akaaga ili atembee mpaka Kiomboi kutafuta oili, na jua lilikuwa linawaka.

Mzee Gunda akakataa katakata. Mkwe wangu atembee juani, na mimi nina dumu ndani? Akamchukua mpaka kwenye mashine yake ya kukamulia. Akamwonyesha vyuma vyote vya mashine vinavyong'aa, akamwambia miaka yote hii hajawahi kuilainisha kwa kitu kingine ila mafuta yake mwenyewe, na haijawahi kukwama hata siku moja. Chuma ni chuma, alisema. Alichosahau mzee ni kwamba mashine ile aliiosha kwa maji ya moto kila jioni, na haikuwahi kupata moto wa injini.

"Nikamwambia, baba, hii ni injini," Shabani alisema. "Akanitazama. Akasema, mafuta yangu yana uchafu gani? Na mama mkwe amesimama mlangoni, na majirani wapo. Fundi, mimi nilikaribishwa kwenye nyumba ile nikiwa sina kitu. Mzee yule hakunidharau. Ningemrudishia dumu lake mbele ya watu?"

Akalimimina. Alikaza nati, akaendesha polepole, nia yake afike mjini aimwage yote, aweke oili ya kweli. Lakini kufika tu, tajiri akamtuma Ihanja, kutoka Ihanja akatumwa tena, na kila jioni akisema kesho. Akawa anaongezea oili juu ya alizeti. Mchanganyiko ule ukapikwa, ukapoa, ukapikwa, mpaka taa ikawaka.

Nikamwambia, "Sasa si umweleze tajiri? Ni bahati mbaya tu."

Shabani akanigeukia. Machozi yalikuwa yanamlenga, na mtu huyu sikuwahi kumwona hivyo. "Elia, nikisema leo, kesho soko zima litajua kwamba baba mkwe wangu ameua gari la watu. Nani atanunua mafuta yake? Na Zena nitamtazama vipi? Afadhali nifukuzwe mimi."

"Hatujasikia kitu," Athumani alisema akiinuka. "Sisi tunatengeneza magari, hatutengenezi habari. Lete jeki."

Tulishusha sampu. Chujio lilikuwa limefunikwa na ngozi ya rangi ya kahawia, ile inayotanda juu ya uji ukipoa, ila hii ilikuwa nene na inavutika. Pale palipobaki wazi usingepitisha hata njiti ya kiberiti. Tukalitoa tukaliweka kwenye kopo la mafuta ya taa lianze kulainika. Nikafungua beringi moja ya krenki, Shabani amenisimamia kichwani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikaifuta kwa kidole. Ilikuwa na mikwaruzo midogo, lakini bado ilikuwa na uso wake laini. Nikafungua ya pili, vilevile. Krenki ilikuwa hai. Shabani alikwenda nyuma ya ukuta akakaa huko muda mrefu, na hatukumfuata.

Kesho yake Bwana Ramji akaja mapema kuliko tulivyotarajia. Chujio lilikuwa bado kwenye kopo, na ile ngozi tuliyoibandua imelala kwenye kipande cha bati. Athumani akaanza kumweleza kwamba injini ni nzima, ni kusafisha tu, lakini tajiri hakuwa anasikiliza. Aliinama. Na jamani, mtu mwenyewe anauza mafuta ya alizeti kwa vipimo tangu utotoni. Kila mtu wa Singida anajua mdomo wa dumu la alizeti unavyoganda ule utomvu, sembuse yeye. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akanusa, akajifuta na leso.

"Hii alizeti," alisema. Kisha taratibu, "Shabani. Nani kaweka alizeti kwenye injini yangu?"

"Mimi, tajiri."

"Wewe una akili za mtoto? Miaka yote hii hujui oili? Nani kakupa?"

Shabani akainamisha kichwa. Bwana Ramji alinyoosha mkono. "Lete funguo."

Mimi nilitaka kusema. Naapa mdomo ulikwisha funguka. Shabani akanitazama tu, nikaufunga. Akatoa funguo mfukoni, zile zilizofungwa na kipande cha ngozi ya mbuzi, akaziweka kwenye kiganja cha tajiri.

Ndipo tukasikia mtu anapiga hodi kwenye bati. Alikuwa mzee mrefu, koti la suti juu ya kanzu, vumbi la basi la Kiomboi mpaka kwenye kope, na dumu la njano mkononi. Shabani alipomwona aliinama mpaka magotini. "Shikamoo, baba." Sisi wote tukaamkia, na Bwana Ramji naye, maana mzee alimzidi sana umri.

"Marahaba, marahaba wanangu," alisema Mzee Gunda. "Hamjambo? Za hapa? Nimesikia gari la mwanangu linaumwa, nikasema nije nilione." Akatua dumu chini, akasogea kwenye gari, akalizunguka. Alisimama kidogo karibu na lile bati letu, akainama, akashika kiuno akainuka tena. Nilidhani anatafuta pa kukaa, nikamsogezea kigoda. Hakukaa. Akamgeukia Bwana Ramji, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wewe ndiye mwenye gari?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mimi ndiye baba mkwe wa huyu. Yale mafuta niliyompa kule nyumbani, ni yangu, nakamua mwenyewe." Akajifuta vumbi usoni. "Nilikuwa nataka kujua. Yalitosha?"

Bwana Ramji alimtazama mzee. Akamtazama Shabani, ambaye alikuwa bado ameinama na hathubutu kuinua uso. Akazitazama funguo mkononi mwake. Nilimwona anaelewa yote kwa mara moja, nani alitoa, kwa nini Shabani alipokea, kwa nini hakusema. Naye alikuwa mtu mwenye wakwe, tena wakwe wa Kihindi, ambao nasikia hawana mchezo.

"Yalitosha, mzee," alisema. "Tumeshukuru sana."

Akalinyanyua dumu jipya kwa mikono miwili. "Na haya?"

"Nimekuletea wewe," mzee alisema.

"Basi haya naenda nayo nyumbani. Mke wangu atafurahi."

Mzee alikunywa chai yetu, akapelekwa stendi. Akiisha kuondoka, Bwana Ramji alimrushia Shabani funguo. "Wewe," alimwambia, "ukipewa tena kitu ukweni, pokea kwa adabu. Halafu lete jikoni kwangu." Akaondoka na dumu lake, analibeba mbali na mwili ili lisimchafue shati.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya raha. Tulipitisha waya laini kwenye njia zote za oili, tukasafisha valvu na springi yake, tukaosha pampu. Gasketi ya sampu, ile ya kuzuia oili isivuje, tulijikatia wenyewe. Siku hizi mnanunua ya kupaka kwenye tyubu, sisi tulilaza karatasi ngumu juu ya sampu na kuigongagonga kingo zake kwa nyundo ndogo mpaka inajikata yenyewe, na mlio ule wa tiki-tiki-tiki mpaka leo nikiusikia mahali moyo unanirudi nyuma. Tukaweka oili ya bei ndogo, tukawasha kidogo, tukamwaga. Ikatoka nyeusi yenye nyuzinyuzi. Tukarudia mpaka ikatoka safi. Kisha ndipo oili ya kweli, filta mpya, na geji ya Athumani.

Shabani ndiye aliyekanyaga. Mshale ukapanda, ukapanda tena, ukasimama pale unapotakiwa na haukutikisika. Tapeti zikanyamaza. Athumani akaikunja geji yake kwenye kanga. Landrova ile iliishi miaka mingi baada ya pale, na kila alizeti zilipokamuliwa, dumu moja la njano lilitoka ng'ambo ya Kiomboi kwenda nyumbani kwa Bwana Ramji. Mzee Gunda alilituma mpaka alipokufa. Sisi pale gereji tulikuwa tunatabasamu. Tulisema, mzee wa watu anaamini bado kwamba mafuta yake ndiyo yanaendesha gari la Mhindi, mwacheni na furaha yake. Ndivyo tulivyojua sisi wajanja.

Athumani ametangulia. Bwana Ramji ametangulia. Masika haya yaliyopita tumemzika Shabani, kulekule ukweni kwake, ng'ambo ya Kiomboi. Nilikwenda kwa basi, kiuno kikinitukana njia nzima. Baada ya maziko nikaenda kumpa pole Zena, mkewe, sasa ni bibi kama mke wangu. Tukakaa. Katika kumsifu marehemu, ulimi ukaniteleza, nikataja landrova na ule mzigo aliobeba peke yake. Nikashtuka nikanyamaza. Nilijua Shabani hakuwahi kumwambia.

Zena akatabasamu. "Sema tu, shemeji. Baba alijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Mkamuaji wa alizeti ataona ule utomvu kwenye bati asiujue? Alianza kutia shaka kijijini, aliposikia gari linaumwa. Alipanda basi aje akiri mwenyewe. Dumu lile alilibeba la kuombea radhi. Alirudi siku ile akakaa kwenye mashine yake, hakukamua. Akamwambia mama, nimekwenda kusema, mwenye gari akanistiri mbele ya mkwe wangu. Akaniambia yalitosha. Ningemwumbuaje mtu aliyenistiri?"

Yale madumu yote, vijana wangu. Miaka yote ile tunatabasamu, kumbe mzee alikuwa anaomba msamaha kila mavuno kwa njia pekee iliyobaki.

"Na Shabani?" nilimwuliza. "Hukumwambia kwamba unajua?"

"Alijitahidi sana kunificha, shemeji," Zena alisema. Sasa alikuwa analia, polepole, bila sauti. "Kila tukienda kwa baba anaisifia ile mashine. Ningeanzia wapi kumwonyesha kwamba najua? Lakini sasa simulia tu. Waliokuwa wakistiriana wote wamelala."

Ndiyo maana nimesimulia. Kijana wa pale Kindai, kama unasoma hili, injini yako haijafa. Chomoa dipstiki, inuse. Chomoa waya. Funga geji, ukanyage, utazame mshale unakwenda wapi. Ukishusha sampu ukakuta kitu ndani, usipige kelele kuita watu waje waone. Geuka kwanza utazame nani amesimama nyuma yako.

Nilipoaga, Zena aliingia ndani, mashine ya baba yake bado ipo, mjukuu ndiye anayekamua. Akatoka na dumu dogo la njano, akanipa liwe zawadi ya safari. Nililipokea kwa mikono miwili.

"Litatosha, shemeji?" aliniuliza.

Nikamwambia limetosha. Tumeshukuru sana.